Nyumba ya Asukile

Mwaka ule wa 1954, wote wa darasa la kumi na mbili walikuwa na hamu ya kwenda Makerere, lakini Asukile alizidi. Alisoma mpaka akawa anaota kwa Kiingereza. Msimcheke. Mtoto wa mkulima wa ndizi, ametoka milima ya Rungwe kuja kusomea Iringa kwenye baridi ile, angefanya nini kingine?

Basi, mwezi wa tano ikaja barua ya Jailos. Jailos huyu walichunga naye ng'ombe tangu wana mapengo. Aliishia darasa la nne, ila mwandiko wake ulisomeka. "Ama baada ya salamu," aliandika, "rika letu tumekatiwa ardhi. Tunajenga kijiji chetu mwezi wa sita, kila mtu na mikono yake. Usipokuja, wazee wamesema nafasi yako apewe mwingine. Njoo, bwana."

Asukile aliisoma mara nne. Kwao, mtu asiye na rika ni mtu wa wapi? Rika ndilo litakalokulimia ukiugua, na ndilo litakalokuzika. Na likizo ya mwezi wa sita ndiyo hiyo hiyo aliyoitaja mkuu wa shule: anayetaka mtihani wa Makerere abaki, adurusu. Waliojiandikisha ni watatu tu. Wawili walikuwa wenyeji wa Iringa, wakaenda kudurusia makwao. Asukile akajibu barua: "Nina mtihani wa Makerere. Nihifadhieni nafasi. Nitakuja Desemba." Akabaki.

Lo, likizo ile! Bweni la vitanda arobaini, na mtu mmoja. Ukungu uliingia mpaka ndani, naye akachora pembetatu zake kajifunika mablanketi mawili. Mpishi, Mhehe mmoja mpole aitwaye Bartholomeo, alimpikia ugali kisha akakaa kumtazama akila.

"Wewe huna kwenu?"

"Ninako."

"Mbona huendi, sasa?"

Asukile akainamia sahani. Machozi yalimlengalenga. Alikuwa mpweke, tusifiche. Kila asubuhi aliwaza: leo wanakata mianzi, leo wanakandika.

Jibu la barua halikuja. Julai hakuna, Agosti hakuna, mpaka akaacha kuulizia ofisini. Akajua nafasi imekwenda. Mtihani akaufanya, tena akauweza, lakini hakuwa na wa kumwambia.

Desemba akapanda basi mpaka Mbeya, akalala kwa jamaa yao Iyunga, kesho yake akadandia lori la Tukuyu. Mama yake, Tusekile, hakumwacha hata akae.

"Nenda kwa wenzako," alisema akicheka. "Nenda ukaone mwenyewe."

Alikwenda mbio. Na kweli! Nyumba ishirini za mianzi, mpya, bado zinanukia udongo, na ya ishirini na moja ni yake. Wamemjengea! Tena imezipita zote kwa ukubwa, ina mlango wa mbao na dirisha.

"Hatukukuandikia," Jailos alisema, "tulitaka ushtuke."

Asukile akamkumbatia, akalia waziwazi, wala hakuona aibu. Miezi sita alikuwa amejiona mkiwa, kumbe walikuwa wanamjengea.

"Karibu ndani, Bwana Makerere."

Ndani mlikuwa na meza, kiti kimoja, na sahani ya bati imejaa ndizi na nyama. Na kijiko. Asukile akakaa, akawangoja wenzake waingie. Hawakuingia. Sasa, kwa Wanyakyusa, watu wa rika hula pamoja, mkono kwa mkono. Asiyekula nao si mwenzao. Akawasikia nje, wamelizunguka jani la mgomba, wanataniana, wananyang'anyana nyama.

Akabeba sahani yake, akatoka.

"Jamani, mnanitenga? Hebu sogeeni nikae."

Kicheko kikakatika. Wakainuka wote, vidole vimejaa mchuzi, mmoja akakimbilia kiti.

"Hapana, ndugu yetu," Jailos alisema taratibu, macho chini. "Sisi tunakula chini. Wewe si mtu wa kukaa chini tena. Tumeambizana tukuheshimu."

Hakuwa anatania, na hilo ndilo lililomuumiza Asukile. Wakabaki wamesimama, chakula kinapoa, wanamngoja yeye. Asukile aliwatazama mmoja mmoja, akawashukuru, akarudi ndani na kuuvuta mlango. Alikaa mbele ya sahani bila kuigusa, mpaka aliposikia wameanza kucheka tena.