Vidole Vinne vya Ziada

Mimi ni fundi cherehani, na nikisema gauni lifike chini, litafika chini. Sitaki kuona kidole cha mguu, sitaki kuona kisigino. Joto likianza, wateja wananijazia mlango, wote wanataka yale magauni marefu ya pamba nyepesi tunayoyaita fagia: mapana, hayashiki mwili, upepo unaingia chini unatokea shingoni. Wanakwenda nayo sokoni, wanakwenda nayo kazini, wanayafua asubuhi na kuyavaa mchana. Hata mimi siku ile nilikuwa na langu la kijani.

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Nilikuwa natunga uzi kwenye sindano. Mwenzangu, ambaye kazi yake ni kukata na watu wote wanamwita Mama Mikasi, alikuwa ameinamia daftari letu la vipimo.

"Hivi wifi yako lile fagia limemkaa?" akauliza. "Maana na mchuchumio wake, atakuwa mrefu kama mlingoti."

"Mchuchumio gani? Mtu ana mimba ya miezi minane, avae mchuchumio aende wapi?"

"Si uliandika M?"

Sindano ilinidondoka. Daftari letu lina lugha yake. Kwenye urefu, P ni peku, N ni ndala, M ni mchuchumio. Mama Mikasi akiona M anaongeza vidole vinne chini, haulizi, kwa sababu kisigino kitalinyanyua gauni. Na mimi, kichwa maji, kwa wifi yangu niliandika M nikimaanisha mjamzito, ili aache nafasi ya tumbo. Kumvalisha nione limekaaje? Wapi! Nilijiona bingwa. Nilipinda, nikapiga pasi, nikampa kaka yangu ampelekee mkewe. Siku tatu zilikuwa zimepita.

"Umeongeza?" nikauliza.

"Vinne kamili."

"Hivi wewe kichwani umejaza pamba? Mtu unamjua, unajua ana mimba, unamkatia gauni la kumwangusha?"

Mama Mikasi akafunga daftari polepole. Kosa lilikuwa langu na wote wawili tulilijua, lakini mdomo wangu hauna breki.

Nikampigia wifi. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Kimya. Nikampigia kaka yangu kazini.

"Ana kliniki saa tatu," akasema. "Nimemwacha anavaa lile gauni lako. Kwani vipi?"

Sikuweza kumwambia. Mimba mbili za mwanzo zilitoka, na hii ya tatu mkunga alisema hata kujikwaa asijikwae. Wanakaa ghorofa ya nne, jengo halina lifti, ngazi ni za vigae na hazina pa kujishikilia. Na saa zile ndio wafagizi humwaga maji ya sabuni kuanzia juu. Tumbo lenyewe lilikuwa limeshamficha miguu. Mtu haoni anapokanyaga, na kitambaa cha ziada kimemtangulia chini. Mungu wangu! Nikajikuta niko barabarani, nimekunja gauni langu hadi magotini, natimua mbio, mtu mzima na heshima zangu.

"Shangazi, unafukuzwa na nani?" muuza magazeti akanitania.

"Na ujinga wangu, nipishe!"

Naapa sijawahi kuogopa vile. Kila nilipovuta pumzi niliona unyayo wake ukikanyaga pindo, pindo nililolipiga pasi kwa mkono wangu. Nilimwona anapepesuka, nikamwona kaka yangu amekaa kwenye benchi la hospitali kwa mara ya tatu. Nilikuwa nasali kwa sauti na watu wananitazama. Nilisema, ee Mungu, nivunje mimi mguu, nivunje hata yote miwili.

Nilipofika mlangoni, maji ya sabuni yalikuwa yanatiririka mpaka nje.

"Wifi!" nikaita. "Wifi, usishuke! Kaa hapo hapo!"

Hakuna aliyejibu. Nikapanda nikishika ukuta. Ghorofa ya kwanza hakuna mtu. Kabla ya ya pili nikaona ndala moja katikati ya ngazi, imepinduka, tumbo juu. Niliijua, ina ua jekundu. Sikutaka kukata ile kona, kwa sababu nilijua nitakachokikuta.

Nikaikata. Wifi yangu alikuwa chini, juu ya ngazi iliyolowa.

"Umeanguka! Mungu wangu, umeanguka! Tumbo vipi? Mtoto anacheza?"

"Sijaanguka, wifi," akasema. "Nashuka."

Na kweli akashuka. Aliegemeza viganja vyake pembeni, akajisogeza kwa makalio mpaka ngazi iliyofuata, akapumzika. Gauni alikuwa amelikusanya lote mapajani, mkoba umemning'inia shingoni, na ndala iliyobaki ameibana kwapani. Simu ilikuwa inaita ndani ya mkoba. Bila shaka kaka yangu.

"Unashuka hivi?"

"Leo siku ya tatu. Nikisimama linaniingia miguuni. Huku juu hamna mtu wa kunicheka."

"Kwa nini usivae jingine?"

"Umelishona kwa mkono wako. Nisipolivaa utasema nimekudharau."

"Si ungeniambia!" Sauti yangu ikagonga kuta zote za jengo lile. "Simu moja tu, wifi! Ni refu, lipunguze, basi! Ungekufa?"

Akakumbatia tumbo lake kwa mikono miwili.

"Nilishika simu mara nyingi," akasema. "Ile mimba ya pili ilipotoka, ulikuja kunipa pole. Nyumba imejaa watu, ukaniuliza kwani tumbo langu limeshonwa bila lastiki, mbona halishiki kitu. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Mimi ngazi siziogopi kama ninavyokuogopa wewe."

Sikukumbuka. Ndicho kilichonitisha kuliko ile ndala, kwamba nilijikagua kichwani kote nisikute maneno hayo wala siku hiyo. Lakini lastiki ni utani wangu. Hakuna mwingine angeusema.

Nikapiga magoti kwenye maji ya sabuni. Kwenye ukosi wangu hazikosekani pini nne tano, nikazichomoa ili nilipandishe lile gauni hapo hapo afike kliniki akitembea kwa miguu yake. Nikanyoosha mkono nishike pindo.

Akashtuka, akavuta miguu yake ndani ya gauni.

"Ni mimi tu, wifi," nikasema.

"Najua," akajibu.