Kona Isiyo na Pilipili

"Mimi? Yule binti nilishamtoa moyoni kitambo," mpishi alimwambia dada yake, huku akikwangua jibini kana kwamba limemtukana. "Leo akiingia humu jikoni nitamuuliza, samahani, wewe ni nani vile?"

"Sawa, bwana mshindi," dada alisema. "Ila punguza, utakwangua mpaka vidole."

Dada ndiye mwenye biashara ya kupikia watu sherehe. Sherehe ya leo ilikuwa ya uchumba wa binti huyohuyo na mwanamume mwingine, na jiko walimosimama lilikuwa la wazazi wake. Miaka mitatu mpishi na binti walikuwa pamoja, mpaka mwaka jana binti alipomwambia, kwa upole kabisa, kwamba amechoka kumngoja akue. Dada alimsihi mpishi leo abaki nyumbani. Akakataa katakata. Alichotaka ni kimoja tu: atoke nyumba ile bila mtu yeyote kumwonea huruma.

Kazi aliijua, hilo tusimnyime. Alikaanga kitunguu saumu kwa siagi, akamimina krimu, akatia jibini laini, kisha lile gumu kiganja kwa kiganja, mwiko ukizunguka mpaka rojo likavutika kama uzi. Pilipili ya kukatakata ikafuata, nyingi, kama walivyoagizwa. Akamwaga kwenye trei, akanyunyiza chenga za mkate, akasukuma ndani ya oveni. Dakika ishirini na tano akapiga mluzi, mtu mzima hana wasiwasi.

Alipoitoa trei, kingo zikitokota na juu pameiva rangi ya dhahabu, mluzi ukakatika.

Kwenye kona moja kulikuwa na kiukuta cha foili, kimekunjwa vizuri, na nyuma yake upawa mmoja wa jibini lililochotwa kabla ya pilipili kuingia, halina hata chembe. Yule binti akila pilipili hushikwa na kwikwi mpaka machozi. Miaka mitatu kila trei iliwekewa kona yake. Kichwa kilikuwa kinajigamba kwa dada. Mikono haikuwa imepewa taarifa ya kuachana.

"Inapoa hiyo!" dada aliita kutoka sebuleni, alikokuwa anapanga vipande vya mkate wa kuchovya. "Ikipoa inakuwa mpira!"

Dawa ilikuwa rahisi: ang'oe foili, akoroge, yaishe. Akashika kijiko. Akakishusha. Akakishika tena.

Hapo ndipo mama wa binti alipoingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe..." Mama akalimeza neno. "Marahaba, mwanangu. Wageni wamenituma, harufu imewamaliza." Akainamia trei. "Na hiki kiukuta?"

"Cha watoto, mama. Upande wao hauna pilipili."

"Watoto gani? Waalikwa wote watu wazima. Mdogo humu ni wewe."

Mpishi akacheka. Kicheko kikatoka kibovu, kama injini inayokataa kuwaka asubuhi. Mama hakucheka. Alichukua kipande cha mkate, akachovya palepale kwenye kona, akatafuna taratibu akimwangalia.

"Nachanganya sasa hivi, mama. Mkono tu umeteleza."

"Siku hizi anakula pilipili," mama alisema, sauti ameishusha ili isivuke mlango. "Mwenzake alimzoesha kidogo kidogo. Hata kwikwi hana tena."

Sebuleni watu waliangua kicheko, na kimoja kati ya vile vicheko mpishi angekitambua hata usingizini. Akang'oa foili. Akakoroga kona ile na rojo lote lililobaki, polepole, mpaka isijulikane ilikuwa wapi. Kisha akaugeukia ukuta, akajifuta uso kwa kitambaa cha kushikia trei, akajifuta tena.

"Moshi huu, mama," alisema bila kugeuka. "Moshi wa oveni unaingia machoni."

"Mwanangu," mama alisema, "oveni umeshaizima."