Diski Yenye Njaa

Mashoga zangu, Osniel kakoma! Ngojeni nianze mwanzo, nikianzia mwisho nitacheka nishindwe kusema.

Mnajua nilizunguka Santa Clara miezi sita nikirekodi wachuuzi wakinadi karanga, mifagio, vitunguu saumu. Tasnifu yangu yote ilikuwa kwenye diski moja ya nje, maana laptop yangu ilishajaa. Osniel, mpenzi wangu wa wakati huo, akaiazima anakilie paketi ya wiki, zile filamu na tamthilia tunazobebeana diski kwa diski. Jumatatu akaileta, akaichomeka mwenyewe kwenye laptop yangu. Ikawaka, ikazima.

"Imekufa, mama. Huyo pengwini wako, huo mfumo wa bure, kaiua. Si nilikwambia uweke Windows kama watu?"

Nikalia siku mbili. Jumatano nakuta tangazo kitivoni: Osniel Fundora anatetea tasnifu Ijumaa. "Sauti za Wachuuzi." Machozi yalikauka hapo hapo. Nikasema, huyu nitamvua nguo mbele za watu.

Nikafungua lile dirisha jeusi la maandishi. Diski inaonekana, inapotea. Inaonekana, inapotea. Maiti gani hii? Hii ina njaa! Tundu moja la laptop halikuipa umeme wa kutosha. Nikaazima kwa Magdiel, fundi simu, waya wa vichwa viwili, nikailisha kutoka matundu mawili. Ikatulia.

Kuifungua sasa, ikaja na masharti: Windows iliyoitumia mwisho haikuzimwa, imelazwa tu, kwa hiyo soma, usiongeze wala kufuta kitu.

Mvivu yule! Alifunika laptop yake akachomoa diski. Kanifungia ushahidi kwa kufuli, na rekodi zangu zote zimo.

Ijumaa ukumbi umejaa, mama yake Osniel kavaa hereni mpya. Osniel kaweka sauti ya muuza vitunguu, watu wanapiga makofi. Profesa Zoraida, msimamizi wa utetezi, akauliza kama kuna maswali. Nikasimama na diski yangu.

"Nani wa mwisho hapa?" Kama niko foleni ya mkate, anavyouliza kila anayefika ajue yuko nyuma ya nani. Ukumbi ukacheka.

"Wa mwisho ni wewe, binti. Sema."

Kompyuta ya kitivo nayo ni ya pengwini. Nikachomeka vichwa vyote viwili, nikachezesha rekodi ile ile, ila yangu ina sekunde kumi alizozikata yeye. Muuza vitunguu ananiambia: "Yaremis, mjukuu wa Eneida, hicho kidude kishawaka? Mwambie bibi yako nataka ndoo yangu!"

Osniel akaruka. "Kaiweka jana hiyo!"

"Profesa, imejifunga tangu ilipotoka kwenye laptop yake. Jaribu kuweka chochote humo."

Zoraida akajaribu. Ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa. Akavua miwani, akamgeukia.

"Kijana, ndoo ya nani hiyo?"

Mama yake akaanza kuvua hereni.

"Kaa chini," Zoraida akamwambia Osniel. "Yaremis, njoo mbele. Utatetea wewe."

Nilitetea, nikapita! Nilipomaliza nikabonyeza kutoa diski, nikasubiri hadi iseme tayari, nikaichomoa polepole huku namtazama.

"Umeona, baba? Hivi ndivyo inavyotolewa."