Yowe la Mama Warda

"Basi nifundishe, Swabir! Nipige yowe la namna gani ndipo mjue kuwa ni langu?"

Mwanasha alikuwa amesimama mlangoni mwa banda la video, leso imemkaza kiuno, na jioni hiyo nusu ya kijiji cha Munje ilikuwa imesogea kutazama. Wenye baiskeli walishuka. Twaiba, muuza viazi karai, aliepua karai lake motoni asije akapitwa na neno.

"Mama Warda, punguza sauti," alisema Swabir, mwenye banda. "Mimi ndiye niliyemkata Sefu? Mimi nina panga?"

"Unalo. Kuanzia alasiri hadi Isha linakata watu humo ndani, na spika umezielekeza kwetu."

"Ile ni picha tu! Damu yenyewe ni maji ya rangi."

"Na ya mume wangu ilikuwa maji ya nini?"

Swabir akajikuna shingo.

Kisa hicho hakuna asiyekijua hapa. Mwezi uliopita, watu wametoka tu kuswali Magharibi, wezi wawili waliingia zizini kwa Sefu wakawa wanafungua mbuzi. Sefu ni mkwezi. Madafu yanayopelekwa Diani kunywewa na wageni, mengi huteremshwa kwa mikono yake. Aliwatokea bila hata fimbo. Mmoja akamshushia panga, naye akajikinga kwa mkono wa kulia. Vidole vinne vikaenda. Mwanasha akapiga yowe.

Huku kwetu yowe halingoji mwaliko. Ukilisikia unatoka na ulichoshika, mwenye mwiko na mwiko wake, mwenye povu la sabuni kichwani na povu lake. Kuna watu walikuwa wamenuniana miaka, wakapatana kwa sababu mmoja alilia na mwenzake akawa wa kwanza kufika. Lakini jioni ile hakufika mtu. Wala si kwamba halikusikika. Lilisikika mpaka msikitini. Twaiba alikuwa akigeuza viazi, akacheka, akasema, "Leo picha ni kali, wanachinjana kwelikweli!" Wateja wakacheka naye. Mwanasha alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akamfunga mumewe mkono kwa leso, akamkokota hadi barabarani wakapata pikipiki.

Sasa alikuwa amekwisha kufunga mizigo. Kesho yake wanahamia kwa wazazi wake, Wasini.

"Usihame, mwanangu," Twaiba alisema kutoka nyuma ya watu. "Lile neno nililisema mimi. Nimekuomba radhi, nitakuomba tena."

"Radhi nimekupa, Bi Twaiba, wallahi nimekupa. Lakini nitalalaje mahali ambapo nikilia watu wanacheka?"

"Aa, jamani!" Swabir akapandisha mabega. "Basi ingia utazame mwenyewe, uone kama si mchezo."

Alilitupa neno hilo akijua halitaokotwa. Wanawake hawaingii mle. Mwanasha akavua ndara, akainama mlangoni, akaingia.

Ndani wanaume wakabanana kwenye mabenchi kumpisha. Kwenye skrini, mtu mwenye kofia ya kuficha uso alikuwa akimkata mwenzake aliyefungwa kitini, polepole, kiungo kwa kiungo, na kamera imesogezwa mpaka nyama inaonekana ikiachana. Aliyekatwa alikuwa akipiga kelele za kutoboa mabati. Juu ya kelele hizo, sauti ya mtafsiri ilikuwa ikitania kwa Kiswahili: "Haya, bwana mchinjaji, paja hilo! Bega hilo! Leo Idi, kila mtu na fungu lake!" Benchi la mbele likaangua kicheko, kisha likakumbuka nani amesimama nyuma.

Swabir akazima sauti.

"Si hivyo," Mwanasha alisema. Hakupaza sauti sasa. "Sefu hakulia hivyo. Hakulia kabisa. Alipiga magoti akawa anapapasa mchanga, anatafuta vidole vyake. Akaniambia, 'Mama Warda, niletee taa.' Kama mtu aliyeangusha ufunguo. Kelele zote mlizosikia zilikuwa zangu."

Kwenye skrini yule aliyefungwa kitini aliendelea kufungua kinywa, hatoi sauti. Mzee mmoja wa benchi la mbele akachukua kofia yake akatoka. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, macho chini.

Kesho yake adhuhuri, mafurushi yakiwa ukumbini yanasubiri tuktuk, ilisikika hodi. Tangu Sefu aumie, Swabir hakuwahi kukanyaga nyumba ile hata kumjulia hali.

"Sema ulilo nalo," Mwanasha alisema, mkono umeshika mwimo wa mlango.

"Spika nimezishusha. Nimezing'oa na nyaya zake."

"Na picha?"

"Picha nitaonyesha, Mama Warda, sitakudanganya. Ndizo zinazonilisha. Lakini nje ya banda langu hautatoka mlio tena. Atakayelia Munje, tutajua ni mtu."

"Utajua. Je, utakuja?"

"Nitakuja."

Mwanasha akamtazama. Maneno si mlango, huwezi kuyapiga komeo ukalala. Alikuwa karibu kusema hivyo.

"Nani huyo?" Sefu akauliza kutoka ndani, nyuma ya pazia.

"Ni Swabir."

Tangu atoke hospitali Sefu hakula na mtu. Kulishwa hakutaka, na mkono wa kushoto una kazi yake. Kuupeleka kinywani mbele za watu kulimuuma kuliko kidonda. Alikula pazia limefungwa, mkewe mwenyewe akikaa nje.

Pazia likasogea. Sefu alikuwa ameketi jamvini, mkono wa bandeji mapajani, sahani ya wali na mchuzi wa papa mbele yake.

"Shikamoo, kaka," Swabir alisema.

"Marahaba. Wali utapoa, Swabir. Mimi nala kwa kushoto, Mungu ndiye ajuaye. Kama hutaona vibaya."

Nje, tuktuk ikapiga honi. Mwanasha akalivuta furushi la vyombo, akalifungua fundo kwa meno, akatoa sahani moja na birika la kunawia.

"Vua viatu, shemeji," akasema. "Pita ndani ule."