Viatu vya Bei ya Ndugu

"Shikamoo, wifi," alisema Moza.

Caroline alimaliza kwanza kukunja koti, akalipanga kwenye rafu, akapangusa vumbi ambalo halikuwepo, ndipo akajibu, "Marahaba." Hivyo ndivyo alivyomwitikia tangu mdogo wake, Robert, alipomwoa Moza bomani, bila padri. Mwingine angeshazoea. Moza hakuzoea, wala hakuwa na nia hiyo.

Duka la Caroline liko Mtaa wa Kongo, na linauza vitu vya kupandia mlima: viatu, makoti ya mvua, mabegi ya mgongoni. Ofisi ya Moza ilikuwa inapeleka wafanyakazi na wenzi wao Kilimanjaro kwa njia ya Machame, na yeye alijiandikisha wa kwanza. Alitaka viatu vitakavyofika juu na kurudi, basi. Angependa kununua kwa mtu baki, ila Robert ndiye aliyeng'ang'ania: tukienda kwingine dada atasema umemdharau, na isitoshe atatupa bei ya ndugu. Sasa bwana huyo alikuwa amekaa kwenye benchi la kujaribia viatu, anachezea simu.

"Mtu wa Kilwa na barafu wapi na wapi," alisema Caroline. "Mlima una wenyewe, wifi. Utaganda hujapita hata geti."

"Nikiganda nitayeyuka. Naomba viatu, namba thelathini na nane."

Caroline akashusha boksi. Viatu vilikuwa vyeusi, vinameremeta, vina nembo kubwa ubavuni. Akasema ni orijino, havipitishi maji, vya kurithisha watoto. Alipofika kwenye neno watoto akatua, akamtazama Moza tumboni, kisha akageukia rafu yake. Robert hakuinua kichwa.

Selina, aliyekuwa anaandaa safari, alikuwa amewaambia wenzake wote wakague soli kabla ya kitu kingine. Moza akakikunja kiatu katikati. Soli ikaachama kwa mbele, na gundi ikavutika nyuzi nyuzi kama bamia. Akakibana kikafunga, akakirudisha kwenye boksi. Alijua kabisa kwamba akilalamika ataambiwa mke wa Robert ana gubu.

"Vizuri, nitachukua," alisema. "Na Robert naye anapanda. Mfungie kama hivi hivi, arobaini na mbili."

Mkono wa Caroline ulibaki juu ya boksi. "Robert unapanda?"

"Napanda, dada. Nilisahau kukwambia."

Caroline akaingia stoo, akakaa humo kidogo, akatoka na viatu vya kahawia visivyong'aa hata kidogo, soli imeshonwa kwa uzi mnene kuzunguka kote.

"Vyake ni hivi."

"Bei?"

"Ile ile."

"Basi nipe na mimi hivyo hivyo."

"Vya namba yako hakuna."

Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Moza akanyoosha kidole kwenye boksi lililoandikwa 38 kwa tarakimu za kuonekana toka barabarani. "Na lile?"

"Lile lina mwenyewe."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, viatu hawakuvitaja. Moza alitoa kile kiatu cheusi kwenye boksi, akakiweka mapajani pa mumewe. "Kunja."

Robert akakunja. Soli ikaachama. Akaiona, na dada yake akamwona akiiona, na wateja wawili waliokuwa kwenye makoti wakageuka kutazama. Moza hakuhitaji ugomvi. Alichongoja ni neno moja tu, litoke kwenye mdomo wa mumewe.

"Dada ndiye kanisomesha, Moza," alisema Robert taratibu. "Tusibishane hapa. Utavaa soksi mbili."

Soksi mbili. Hasira yake kwa wifi alishaijua, ilikuwa ya miaka. Hii ilikuwa mpya, na iliuma mahali pengine kabisa. Akachukua mkoba wake, akaaga kwa heshima zote, akatoka.

Alishika barabara ya Uhuru kwa miguu hadi Mchikichini, kwenye mitumba. Muuzaji mmoja, Rajabu, alikuwa na jozi moja ya mlimani, imechubuka, kamba moja nyekundu na nyingine kijani.

"Naruhusiwa kuvuta?"

"Vuta. Ikichomoka umenunua."

Moza akapachika vidole kwenye soli, akavuta kwa ajili ya marahaba zote, kwa ajili ya padri, kwa ajili ya tumbo lake, na kwa ajili ya soksi mbili kuliko vyote. Haikuchomoka.

"Dada, hicho kiatu kimekukosea nini?" aliuliza Rajabu.

"Hiki hakijanikosea. Nifungie."

Alipogeuka, Robert alikuwa nyuma yake, anahema, boksi lake kwapani. Alikuwa amevinunua vile vya kahawia.

"Umemwaibisha dada mbele ya wateja," alisema.

Moza alimtazama kidogo, kisha akampigia Selina. "Dada Selina, kwenye hema mimi nilale na wewe."

"Si nimewapanga wewe na mumeo?"

"Mume wangu muweke popote," alisema Moza, huku Robert anamsikiliza. "Yeye ana viatu vizuri."