Milima ya Upande wa Pili

...na machozi yenyewe hayakuomba ruhusa, yamemtoka tu Asiya, bibi mzima mwenye wajukuu, kashika chuma cha ukingo wa meli, kumekucha vizuri na milima ile pale, ile ile, alhamdulillahi, na kile kilele kilichopinda shingo, jua limeipiga inang'aa, naye anasema kimoyomoyo nimefika, nyumbani, Bujumbura, japo meli haijafika popote, imesimama tu majini kungoja nafasi bandarini, na huyu Danielle, mchuuzi wa Mutakura waliyelala naye juu ya magunia ya mchele tangu Kigoma, anaongea na simu, ...mi niko hapa tu, apana, batatuweka mpaka saa sita... lakini Asiya hana haraka, haraka ya nini, wacha meli ingoje, inavyozidi kungoja ndivyo naye anavyoahirisha kumjibu Houda, dada yake, aliyempigia baada ya arobaini ya mume wa Asiya akamwambia usije kutembea, Asiya, uje kukaa, nyumba ya baba ni kubwa na mi niko peke yangu, tuzeeke pamoja, naye akajibu tutaona, jibu la mwoga, kisha akafungasha mfuko mdogo makusudi, kanga mbili na dawa za presha, ili mfuko umsemee mlangoni kwamba huyu ni mgeni, huyu atarudi kwa wanawe, maana ataishije tena Buyenzi, mtaa wa kwao, mtu aliyeondoka bibi harusi juu ya lori, ushungi umemfunika macho, akarudi mara mbili tu, kwa basi, mara zote kwa msiba, na Kiswahili chake kimeshakuwa cha Kigoma, unaongea kama redio, Houda humcheka, ...bilauri ziko tano zimevunjika, Danielle analalamika simuni... na mji wenyewe je, umebadilika mara ngapi, babu yao aliufikia kwa mtumbwi kutoka Ujiji ukiitwa Usumbura, akawakuta Wajerumani, wakaondoka, wakaja Wabelgiji, wakawapimia Waswahili viwanja Buyenzi, barabara zikapewa namba badala ya majina, wakaondoka nao, jina likageuzwa Bujumbura, mfalme akaondoka, lakini baba, fundi cherehani, akaendelea kusema Usumbura mpaka anaingia kaburini, vikaja vile vita ambavyo Houda hapendi kuvizungumza, husema tu tulilala chini ya kitanda, na juzi juzi hata ofisi kubwa zimehama, kapitali bamepeleka Gitega, alisema Houda, lakini ziwa bametuachia, akacheka, na katika kicheko hicho Asiya alimsikia Houda mtoto, Houda wa Ijumaa jioni, baba kafunika cherehani yake, kawachukua mabinti wake wawili mpaka ufukweni, karanga ndani ya kofia, wanakaa mchangani na baba anaitazama milima, ehee, wingu limekaa kwenye kile kilichopinda, kesho mvua, mwambieni mama yenu aanike leo, na kweli inanyesha, au hainyeshi na baba anaulaumu mlima, ah, baba, milima yako hii hapa, ungeiona...

"Mama, unalia nini?" Danielle ameshakata simu.

"Nafurahi, mwanangu. Milima ya kwetu ile."

Danielle anaitazama milima, anamtazama yeye, anataka kucheka na adabu inamzuia. "Mama, ile ni Uvira. Ile ni Kongo. Buja iko huku, nyuma yako."

Asiya anageuka, na mji uko pale, kivulini bado kwa kuwa jua halijavuka vilima vyake, mabati, moshi, kreni za bandari, mji mzima umekaa unamtazama mgongo tangu alfajiri, na yeye anailia nchi ya watu, subhanallah, anacheka mpaka anashika mbavu, Danielle naye anaangua, ...lakini ngoja, ngoja kidogo, ni kweli, hajawahi kuiona sura ya Bujumbura kutoka majini, angeiona wapi, mtoto wa Buyenzi huketi ufukweni kaupa mji mgongo, uso kaelekeza Kongo, kila jioni, mpaka Kongo ya watu inakuwa picha ya kwao, na mgeni hawezi kukosea hivyo, mgeni angeuliza mapema, kosa hili ni la mtu wa hapa, wa hapa hasa, na ule mfuko mdogo miguuni pake ni mwongo, umesema uongo njia nzima, na anapogeuka kuitazama tena ile milima anaona kilele hakikupinda sawasawa, kimekaa upande upande na kiwingu juu yake, bila shaka, kinatakiwa kutazamwa kutoka mchangani, kutoka kwao, na mtu pembeni wa kugombania naye karanga, na furaha inampanda kifuani wazi kabisa, haifichiki, na simu inalia.

"Muko wapi?" Ni Houda.

"Bado majini. Houda, wingu limekaa kwenye kile kilichopinda. Kesho mvua, anika leo."

Houda anauliza, kwa sauti ndogo, "Na kesho kutwa?"

"Kesho kutwa tutatazama tena," anasema Asiya. "Na mwaka kesho. Niwekee kitanda cha dirishani," na anamsikia dada yake akipenga kamasi, akimwambia jirani jambo asilolishika, na meli haijasogea hata kidogo, na Danielle ameanza kumenya chungwa.