Uji wa Baada ya Alasiri

Mgeni alikuwa ameshavua viatu na kuviweka sawa kizingitini kabla hatujajua ni nani. Mwanamke wa makamo, mkoba wa kitambaa begani, jasho limemlowesha mgongo kwa kupotea katika vichochoro vya Mji wa Kale. Alisema anaitwa Purity, ni muuguzi, na kazi yake ni kuwazungukia majumbani wagonjwa ambao hospitali haina tena la kuwaponyesha. Mimi sikuwa nimeambiwa kwamba angekuja. Nilimtazama shangazi Khairiya. Akajifanya anakunja nguo.

Bibi alikuwa amelala ubavu, upande usiomuuma sana. Saratani ilikuwa imetoka kwenye titi ikaingia kwenye mifupa ya mgongo.

"Umekuja kunipima sanda?" alimuuliza mgeni.

"Sijui kushona, mama," Purity alijibu, akaketi mkekani, uso wake ukawa chini kuliko wa Bibi.

Bibi alicheka. Kicheko kilifika katikati kikakatika, akafumba macho, akangoja kitu kimpite.

Mkobani mkatoka chupa ndogo. Mofini, ya maji. Bibi alipolisikia jina hakuhitaji kufafanuliwa. Katika mitaa yetu ni nyumba chache ambazo unga wa kulevya haujaingia ukatoka na mtu.

"Ni ndugu ya unga hii?"

Shangazi alikuwa akimkonyeza Purity aseme siyo. Purity aliona, na bado akasema, "Ni ndugu, mama. Nikikataa nitakuwa nakudanganya. Lakini hii hupimwa, na hupewa mwenye maumivu. Siku za mwanzo utasinzia, halafu mwili huzoea."

"Basi rudi nayo."

Hakurudi nayo. Mlangoni alimkabidhi shangazi chupa, akamwonyesha kipimo, akatuambia wote wawili kwamba dawa ni ya mgonjwa na uamuzi ni wake; akibadili nia, tumpigie simu.

Bibi alikuwa akimfikiria ami Sabir, mwanawe wa mwisho. Mimi nilikuwa msichana wa shule ya msingi alipokuwa akiketi barazani, kichwa kikishuka polepole mpaka kidevu kikagusa kifua, sigara ikimuunguza vidole naye hana habari. Alikufa vivyo hivyo, ameketi. Matangani Bibi hakulia sana kwamba mwanawe amekufa. Alilia kwamba wameachana bila kutakana radhi. Kwetu hilo ndilo la mwisho: anayekwenda na wanaobaki wasameheane kwa mdomo, kila mmoja akimjua mwenziwe. Kabla hajakata roho Bibi alimwita, akamshika mashavu, Sabir akafumbua macho. Hakumwona.

"Mimi nataka niondoke nikiwajua," Bibi alinambia Purity alipokwisha kwenda. "Nikiwapa radhi nijue nampa nani. Mahira, niahidi. Nisitiliwe dawa chakulani bila kujua."

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu karibuni, na shahada ya ustawi wa jamii. Darasani tulikuwa tumeandika kurasa nyingi juu ya heshima ya mgonjwa, na niliziamini zote. Mpaka leo naziamini. Nilimwahidi upesi, kwa furaha, kama mtu anayepewa zawadi.

Maumivu hayakuwa na habari na ahadi yetu. Yalipanda mgongoni, yakamnyang'anya usingizi, kisha chakula, kisha mazungumzo. Shangazi ndiye aliyemwogesha, akamgeuza, akambadilisha shuka, na kila alipomgusa mamake alilia. Nilimkuta mara moja jikoni amejiziba masikio kwa viganja, chai ikifurika na kuzima moto.

Siku moja, baada ya alasiri, alinipa kikombe cha uji wa tangawizi. "Mpe anywe wote," alisema bila kunitazama. Kwenye rafu, mdomo wa ile chupa ulikuwa umelowa.

"Shangazi, umemtilia?"

"Nimemtilia. Kadiri alivyosema yule muuguzi, sikuzidisha hata tone. Huyu ni mamangu, Mahira. Mpe."

"Nilimwahidi."

"Ulimwahidi hujamsikia akilia. Sasa umemsikia."

Nilikichukua kikombe.

Bibi alikipokea kwa mikono miwili, akainusa tangawizi, akatabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu lile kwa siku nyingi. Nilifikiri: baada ya muda kidogo tu uso huu utalegea. Atalala. Shangazi naye atalala. Hakuna atakayenilaumu, hata yeye, kwa kuwa hatajua. Mdomo wake ukagusa ukingo wa kikombe.

"Bibi, huo una dawa."

Alisita. Hakukasirika. "Ya Sabir?"

"Ya Purity."

"Nikinywa, nitawajua?"

Ningetoa chochote nilicho nacho kwa jibu zuri. "Purity asema mwanzo utasinzia, kisha itatulia. Lakini kwako wewe, Bibi, sijui."

Aliutazama uji kwa muda mrefu. Aliutaka, niliona koo likipanda na kushuka. Kisha akanirudishia kikombe.

"Niwekee kando."

Nikakiweka juu ya stuli. Maumivu yalimjia kabla ya adhana ya magharibi. Nilimwegemeza kifuani pangu, akauma pindo la leso, sauti ikimtoka hivyo hivyo kupitia kitambaa. Sikusikia shangazi akija. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja juu ya fremu, kama anayezuia nyumba isianguke.

"Haya," alisema. "Umefurahi?"

Akageuka, nikasikia mlango wa jikoni ukifungwa. Tangu siku ile hajawahi kuzungumza nami kama zamani.

Vidole vya Bibi vilinikamata mkono, vikabana, vikalegea, vikabana tena.

"Mahira," aliita, katikati ya pumzi mbili.

"Ni mimi, Bibi."

"Najua."

Kando yetu uji ulikuwa umepoa, umefanya utando juu.